Maji ya choo: vidudu vya zamu mbili

Bandugu, siye batu ya shimo tunajua: hewa ikikatika, kazi inasimama. Ku vidudu vinavyosafisha maji machafu ya muji, ni nusu tu ya kazi ndiyo iko hivyo.

Mukojo uko na azoti, inageuka amoniaki. Mu beseni moja, mashini inapuliza hewa, vidudu vya zamu ya kwanza vinageuza amoniaki kuwa nitrati. Mu beseni ingine, hewa inafungwa. Vidudu vingine vinakula uchafu na kupumua oksijeni ya nitrati yenyewe. Azoti inarudi hewani, haina madhara.

Lakini fasi ambapo choo na kisima viko mu parseli moja, hakuna beseni. Nitrati inaweza kushuka mpaka mu maji ya kunywa. Kuchemsha kunaua mikrobi, nitrati inabakia. Mutoto wa chini ya miezi 6, akikunywa maziwa ya biberoni yenye maji hayo, damu yake inaweza kukosa oksijeni, ngozi inakuwa bluu. OMS inaweka mpaka: miligramu 50 za nitrati mu litri moja.

Siye tunaodai hewa mu shimo, tudai na hii: maji ya visima vyetu yapimwe.