Filamu za zamani sebuleni: Si kila ya kale ni salama kwa mtoto

Nyumba nyingi siku hizi zina runinga moja na simu nne. Mwishoni mwa wiki runinga inawashwa, lakini kila mtu yuko kwenye kioo chake: kijana anatazama vichekesho vya sekunde 30, mama yupo kwenye makundi ya WhatsApp, mdogo wa mwisho amepewa katuni ili anyamaze, na bibi amekaa pembeni hana la kufanya.

Baadhi ya wazazi wameanza kutafuta dawa ya hali hiyo kwenye filamu za zamani na rekodi za matamasha ya muziki. Hoja yao ni nyepesi: babu anazijua, watoto hawajaziona, na hazina matusi kama za siku hizi.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Zipo filamu kongwe zinazoweza kumkalisha mtoto wa miaka sita na bibi wa miaka 75 kwenye kochi moja wakacheka pamoja. Zipo pia ambazo zitamkosesha mtoto usingizi wiki nzima. Umri wa filamu hausemi chochote kuhusu usalama wake.

Mwendo wa polepole una faida

Anza na Charlie Chaplin. Filamu yake ya The Kid ya mwaka 1921 inachukua takriban saa moja, na haina mazungumzo. Inamhusu maskini anayeokota mtoto mchanga na kumlea, hadi siku wakubwa wanapokuja kumchukua.

Kwa kuwa hakuna anayezungumza, hakuna anayeachwa nyuma. Asiyejua Kiingereza na aliyesoma chuo kikuu wanaelewa kwa pamoja, na maandishi machache yanayotokea kwenye kioo mzazi anaweza kuyasoma kwa Kiswahili. Picha nazo hazibadilikibadiliki kwa kasi, hivyo mtoto anapata muda wa kumtazama mtu usoni na kujua amefurahi au ameumia.

Kwa wenye watoto wakubwa, filamu hiyo ina somo la ziada. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza humo, alipata fedha nyingi utotoni, lakini alipokua alikuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia karibu zote. Kesi yake ndiyo iliyosababisha jimbo la California, Marekani, kupitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto wasanii mwaka 1939. Mzazi anayemrekodi mwanawe kila siku kwa ajili ya mtandaoni ana la kujifunza hapo.

The Sound of Music ya mwaka 1965 nayo ni chaguo zuri, ila ni ndefu: dakika 174. Usimlazimishe mtoto aimalize kwa mkao mmoja. Igawe mara mbili, Jumamosi na Jumapili.

Nyimbo nzuri, picha nzito

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuichagua filamu kwa sababu ya nyimbo zake. Sarafina! ya mwaka 1992 ni mfano. Nyimbo na ngoma zake zinapendwa Afrika Mashariki, na wengi waliiona kwa mara ya kwanza wakiwa shuleni. Lakini inasimulia uasi wa wanafunzi wa Soweto dhidi ya ubaguzi wa rangi. Ndani yake wanafunzi wanapigwa risasi, wafungwa wanateswa na askari anachomwa moto.

Hiyo si sababu ya kuificha. Kijana wa kidato cha kwanza au cha pili anapaswa kuijua historia hiyo, akiwa na mtu mzima pembeni wa kumjibu maswali. Mtoto wa chekechea hapaswi kuwepo sebuleni.

Vivyo hivyo kwa Sholay ya mwaka 1975, ambayo bibi na babu wengi wanaikumbuka tangu enzi za majumba ya sinema. Inazidi saa tatu, na kisa chake kimejengwa juu ya familia iliyouawa na mtu aliyekatwa mikono. Waachie wazee waifurahie watoto wakiwa wamelala.

Watoto walio chini ya miaka saba au minane bado wanapata shida kutenganisha kinachoigizwa na kinachotokea kweli. Kumwambia "hiyo ni filamu tu" hakumtoshi. Akianza kuuliza mara kwa mara kama mama naye atakufa, akikataa kulala peke yake au akikojoa kitandani wakati alishaacha, jiulize ametazama nini.

Jambo jingine ni sigara. Katika filamu nyingi za miaka ya 1940 na 1950, Casablanca ya mwaka 1942 ikiwa mojawapo, shujaa anavuta sigara karibu kila anapofikiri. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilihitimisha kwamba kuona uvutaji sigara kwenye filamu ni moja ya sababu zinazowafanya vijana waanze kuvuta. Mzazi asinyamaze. Sentensi moja inatosha: "Enzi hizo watu wengi hawakujua madhara yake, leo tunajua inaua."

Kabla ya kuweka filamu, angalia daraja lake la umri. Tanzania kuna Bodi ya Filamu, na Kenya bodi yake hutumia alama za GE, PG, 16 na 18. Nakala za kwenye flashi na zile zilizotiwa sauti za ma-DJ mara nyingi hazina alama hizo, kwa hiyo mzazi atazame kwanza mwenyewe, hata kwa kuruka vipande.

Tamasha linaweza kuwa darasa

Rekodi za matamasha zina nafuu moja: hazihitaji kufuatwa mwanzo mpaka mwisho. Mtoto anaweza kuinuka, akacheza, akaenda kunywa maji, akarudi. Kucheza kwenyewe ni mazoezi.

Mojawapo inayofaa familia ni tamasha la Graceland lililorekodiwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1987. Paul Simon yuko na Miriam Makeba, Hugh Masekela na Ladysmith Black Mambazo. Mtoto akiuliza kwa nini Waafrika Kusini hao wanaimba Harare na si kwao, mzazi amepata mlango. Makeba alizuiwa kurudi Afrika Kusini tangu mwaka 1960, akashindwa hata kumzika mama yake.

Kwa wapenzi wa rumba na soul kuna Soul Power, filamu ya mwaka 2008 iliyotengenezwa kwa picha za tamasha la siku tatu la Kinshasa la Septemba 1974. James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Makeba wapo jukwaani. Tamasha hilo lilipangwa kwenda sambamba na pambano la Muhammad Ali na George Foreman, ambalo liliahirishwa hadi Oktoba 30 baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini.

Familia zinazopenda nyimbo za injili zina Amazing Grace ya Aretha Franklin, iliyorekodiwa kwa siku mbili kanisani Los Angeles, Januari 1972. Wapiga picha walishindwa kuoanisha sauti na picha, ikakaa bila kuoneshwa hadharani hadi mwaka 2018. Kuna mahali baba yake Aretha anamfuta jasho usoni binti yake akiwa kwenye piano, bila kusema neno. Akina baba wanaoona aibu kuonesha upendo kwa mabinti zao watazame hapo.

Punguza sabufa, acha taa

Tatizo la matamasha nyumbani ni sauti. Mtu anataka ahisi kama yuko uwanjani, anafungulia sabufa mpaka madirisha yanatetema, na mtoto mchanga yuko mgongoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda salama unapungua kwa nusu. Shirika hilo linakadiria zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa.

Kipimo rahisi ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili asikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, muziki umezidi. Masikio yakivuma baada ya kuzima, yalikuwa yameshaumia. Usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Taa za jukwaani zinazowakawaka haraka nazo ni hatari kwa wachache wenye aina ya kifafa kinachoamshwa na mwanga. Desemba 1997 nchini Japani, zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitalini baada ya kutazama katuni ya Pokémon iliyokuwa na mwanga mwekundu na wa bluu uliopishana kwa kasi.

Kwa hiyo usizime taa ya sebule, na watoto wakae mbali na kioo. Taa zikianza kuwakawaka na mtoto akajisikia vibaya, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke. Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye na angalia saa. Usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Likizidi dakika tano, mkimbize hospitali.

Muda nao ni dawa

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe kioo kabisa, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa hiyo inajumuisha na katuni za asubuhi.

Usingizi ndio unaoibiwa kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kila siku. Anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi gari la shule anapaswa awe amelala saa 2 usiku. Hivyo filamu ya familia iwekwe saa 10 jioni Jumamosi, si saa 3 usiku Jumapili.

Bibi asiyekumbuka jina lako

Matamasha ya zamani yana kazi nyingine katika nyumba yenye mzee anayepoteza kumbukumbu. Nyimbo ambazo mtu alizisikia akiwa kijana mara nyingi hubaki kichwani muda mrefu. Mzee anayesahau kama amekula anaweza kuimba wimbo aliouchezea harusini kwake, maneno yote.

Muziki hauponyi ugonjwa huo. Lakini unaweza kumtuliza, ukampa saa moja ya furaha na ukawapa wajukuu njia ya kumfikia. Muhimu ni uwe muziki wa ujana wake, si wa ujana wako: mtu aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa kijana miaka ya 1960 na 1970. Weka sauti ya chini, wimbo mmoja mmoja, na ukiona anahangaika au analia kwa uchungu, zima. Na asidhaniwe ni uzee tu: anayeanza kusahau apelekwe hospitali, kwa kuwa baadhi ya sababu za kusahau zinatibika.

Ukichagua moja tu

Familia yenye nafasi ya filamu moja mwezi huu ichague Yaaba, iliyotengenezwa Burkina Faso na Idrissa Ouédraogo mwaka 1989. Jina hilo maana yake ni "bibi" kwa lugha ya Kimoore. Inafaa kuanzia miaka 10 hivi, kwa kuwa ina matusi kidogo na mambo ya ndoa.

Mvulana Bila na binamu yake Nopoko wanafanya urafiki na bikizee aitwaye Sana, ambaye kijiji kizima kimemtenga kikimwita mchawi. Kisha Nopoko anakatwa na kisu kichafu, anapata pepopunda, na mganga tapeli anasema bikizee ndiye aliyeiba roho ya mtoto. Ni huyohuyo bikizee anayekwenda kumtafutia dawa.

Kwa mtazamaji wa hapa kwetu hiyo si hadithi ya mbali. Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo aghalabu husababishwa na moshi wa kuni wa miaka mingi.

Baada ya kuzima runinga waulize watoto: Nani alisema bibi yule ni mchawi, na alijuaje? Mtaani kwetu kuna anayesemwa hivyo? Ukikatwa na bati au kisu chenye kutu utafanya nini? Jibu la swali la mwisho ni kuosha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Chanjo ya pepopunda imo ndani ya ile wanayopewa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na kinga yake huhitaji kuongezewa baadaye. Kabla hamjalala usiku huo, toa kadi za kliniki za watoto kabatini uone kama hakuna aliyeruka dozi.