Maumivu ya Nyonga Yatokanayo na Mishipa Iliyovimba



Wako wanawake ambao tumbo la chini huwauma siku nenda siku rudi. Asubuhi huamka na nafuu. Jua likipanda, maumivu hupanda nalo, hata jioni hawawezi kusimama jikoni. Wakilala, hupungua. Na kwa kuwa hakuna jeraha wala homa, watu wa nyumbani husema, "Huyu mvivu," au, "Huyu amerogwa." Leo twataka kueleza mojawapo ya sababu za maumivu hayo, ili mtu asilaumiwe kwa ugonjwa alio nao kweli.

Damu hutoka moyoni kwa mishipa mingine, na kurudi kwa mingine. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza, William Harvey, alichapisha kitabu kuonyesha jambo hilo. Nawe waweza kuona dalili yake. Funga kitambaa juu ya kiwiko, wala usikaze sana, kisha ukunje ngumi mara chache. Mishipa itatuna, na huenda ukaona vifundo vidogo. Hapo ndipo penye vilango vya ndani. Kila kilango huiacha damu ipite kwenda moyoni, kisha hujifunga isirudi nyuma. Ukiisha kuona, fungua kitambaa upesi.

Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kutuama, nao mshipa hupanuka na kujipinda. Mishipa ya namna hii twaijua miguuni; lakini yaweza kuwamo nyongani pia, kando ya mji wa mimba, mahali pasipoonekana. Huwapata hasa wanawake waliozaa zaidi ya mara moja, kwa maana wakati wa mimba damu huongezeka mwilini, mishipa hutanuka, na mji wa mimba huikandamiza. Mwaka 1949 tabibu wa Marekani, Howard Taylor, aliandika habari za damu ijaayo nyongani na maumivu yake.

Dalili zake ni hizi: maumivu mazito ya miezi sita au zaidi, yazidiyo kwa kusimama sana, kabla ya hedhi, au baada ya kukutana na mume. Pengine mishipa iliyotuna huonekana mapajani, matakoni, au sehemu za siri. Lakini yako magonjwa mengine yafananayo na huu. Basi mgonjwa asijipime mwenyewe, bali aende hospitali. Huko waweza kumtazama kwa chombo cha mawimbi ya sauti. Ziko dawa za kupunguza maumivu. Tena tangu mwaka 1993 imeandikwa habari ya kuuziba mshipa ulioharibika kwa kupitisha ndani yake mrija mwembamba, bila kupasua tumbo. Matibabu haya hayapatikani katika kila hospitali.

Je, nyumbani afanyeje? Kwanza, asisimame mahali pamoja kwa muda mrefu. Apepete na kumenya akiwa ameketi, tena atembee kidogo mara kwa mara. Pili, adhuhuri ajilaze kitambo, miguu ikiwa juu ya mto. Tatu, mizigo mizito ya maji na kuni agawane na wengine. Nne, anywe maji ya kutosha, ale mboga na matunda, asipate kufunga choo, kwani kujikamua huzidisha maumivu. Tano, aandike kila siku saa ya maumivu na kazi aliyokuwa akiifanya. Karatasi hiyo itamsaidia sana mganga.

Lakini kukiwa na homa, damu nyingi, kuzirai, mguu mmoja kuvimba ghafula, au maumivu makali kwa mwanamke aliyekosa hedhi, msingoje: mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nanyi waume, na ninyi mama wakwe, neno la mwisho ni lenu. Aumwaye miaka mingi huchoka moyo pia. Mkimwona amelala adhuhuri, msimwite mvivu; pumziko lile ni sehemu ya dawa yake. Mwulizeni, "Leo umeamkaje?" kisha mchukueni ndoo mkateke maji. Mishipa haitapona kwa maneno mema peke yake, lakini mwenye kuaminiwa nyumbani hataona haya kwenda kutafuta matibabu.