Mbabula mpya ao ya zamani?



Tunapotembelea familia zilizokimbia makwao na kufika Kolwezi, mara nyingi tunaulizwa: tununue mbabula mpya ao ile iliyokwisha kutumiwa? Ya zamani ina bei ndogo, ni kweli. Lakini mbele ya kulipa, igeuzeni. Gongeni bati: kama limekonda kwa kutu, moto utalitoboa upesi. Kama ina udongo ndani, tazameni nyufa. Ufa mdogo fundi anaziba. Udongo uliovunjika haushiki tena joto, na makala yanaisha haraka. Ulizeni pia bati lilitoka wapi. Pipa lililobeba asidi ya migodi tusilipikie.

Makala ndiyo bei ya kweli. Yanatoka katika miti ya miombo, na miti hiyo inaleta ugomvi kati ya wageni na wenyeji. Ndiyo maana sisi tunapendelea mbabula mpya yenye udongo, hata familia mbili zikichanga pesa. Chefu wa kijiji naye aonyeshe mapema wapi miti inaweza kukatwa.

Iwe mpya ao ya zamani, msiiwashe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata siku ya mvua. Hewa ya makala haina harufu, na inaua.