Je, Wajua? Watoto wa simba-bahari nao huugua safura

Je, wajua kwamba mnyoo anaweza kumwingia mtoto kwa kunyonya? Kwa simba-bahari wa Australia, hao jamaa wa sili wenye masikio ya nje, ndivyo ilivyo. Lava wa minyoo ya safura hukaa ndani ya mwili wa mama bila kumdhuru, kisha hutoka na maziwa ya siku za mwanzo. Wiki mbili tu, minyoo imekomaa utumboni mwa mtoto na inamfyonza damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipopima watoto wa Dangerous Reef na Seal Bay, Australia Kusini, walikuta maambukizi ni asilimia 100.

Wakajaribu dawa ya minyoo iitwayo ivermectin. Baadhi ya watoto walichomwa sindano ya dawa, wengine ya maji ya chumvi, ili ijulikane kinachofanywa na dawa na kinachokuja chenyewe. Waliopata dawa minyoo iliwaisha, chawa wakapungua, damu ikapanda. Ajabu ni kwamba hawakuwazidi wenzao kwa ukuaji wala kwa kunusurika. Kumbe mwili wa mtoto huifukuza minyoo wenyewe baada ya miezi 2 au 3, na madhara makubwa hutokea mapema. Tiba ikichelewa, damu imeshamwagika.

Ndiyo maana majaribio ya baadaye yaliwalenga wachanga zaidi, na dawa ya kumwagia mgongoni ikapimwa kando ya sindano, kama wafugaji wanavyowafanyia ng'ombe. Lakini kwenye kisiwa cha Enderby, New Zealand, watoto wa simba-bahari wa huko waliotibiwa walikua haraka na wengi zaidi wakaishi. Kwa hiyo jibu la mahali pamoja lisibebwe zima-zima hadi pengine.

Dawa yenyewe si ngeni kwetu: ndiyo inayogawiwa vijijini dhidi ya usubi na matende, ambako mgawaji humsimamisha mtu kando ya fimbo ya vipimo na kuhesabu vidonge kwa urefu wake. Wagunduzi wake, Satoshi Ōmura na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Utafiti huu una uzito kwa sababu simba-bahari wa Australia wako hatarini kutoweka, na jike huzaa mtoto mmoja tu kila baada ya miezi 17 au 18.