Kioo cha Mbele kwa Pikipiki Kuukuu: Kweli au Porojo?

Upepo wa Newala haujaanza leo. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa hapa mwaka 1906, aliulalamikia kitabuni mwake, naye hakuwa na pikipiki. Ukipanda kutoka Masasi alfajiri juu ya Boxer ya miaka mingi, utatamani kufunga chochote mbele yako. Na kijiweni ushauri haukosekani, bila shaka umeshausikia.

“Upepo wa pikipiki unaleta nimonia.” Si kweli. Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi. Lakini usimcheke mzee anayekuambia ufunike kifua. Upepo hupora joto la mwili, na nguo ikilowa hupora zaidi. Vidole vikifa ganzi, breki inashikwa kwa kuchelewa.

“Gazeti chini ya koti linatosha.” Kweli, kwa baridi kavu. Hata waendesha baiskeli wa Tour de France walizoea kuchomeka magazeti kifuani kabla ya kuteremka milima. Mvua ikinyesha, umevaa uji.

“Kioo kinakula mafuta.” Nusu kweli. Mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, nguvu ya hewa inayokurudisha nyuma huwa mara nne. Kwa hiyo kioo kipana kilichosimama wima kitakugharimu kwenye barabara ya lami, si kwenye vichochoro vya sokoni. Ganda la mbele lililochongwa vizuri ni habari nyingine: lile la pikipiki ya BMW R100RS ya mwaka 1976 liliundwa kwa vipimo vya handaki la upepo. La kwako limekatwa kwa msumeno.

“Funga popote, mradi kisicheze.” Uongo, na huu ndio unaoangusha watu. Kioo kilichofungwa kwenye usukani hugeuka nao, basi upepo wa ubavuni ukikipiga, unausukuma usukani wenyewe. Kwenye pikipiki mpya utahisi mtikisiko kidogo. Kwenye kuukuu, ambayo beringi za shingo ya usukani zimelika, pikipiki itayumba. Mwambie fundi azikague kwanza. Kinga kubwa ifungwe kwenye fremu. Kioo kidogo kinaweza kukaa kwenye usukani. Weka vipande vya mpira kwenye bolti, maana plastiki iliyobanwa moja kwa moja na chuma hupasuka kwa mitetemo. Kisha geuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama waya wa klachi au wa breki unavutwa. Kazi hiyo haimalizi dakika mbili, na mafundi wengi huiruka.

“Kukinga miguu kunachemsha injini.” Inategemea. Honda Super Cub imekuwa na ngao ya miguu ya plastiki tangu 1958, na injini yake hupoozwa kwa hewa, ila ngao hiyo imeachwa wazi katikati. Ukiziba mapezi ya silinda kwa turubai, hapo kijiwe kimesema kweli.

“Kioo kirefu ndicho bora.” Uongo. Hakina waipa. Vumbi la kiangazi likikikwaruza, kisha ije mvua na taa za gari usiku, hutaona kitu. Ukingo wake wa juu uwe chini ya macho, utazame juu yake.

Na mwavuli? Hapana. Ni tanga. Kama mfukoni una fedha ya kitu kimoja tu, nunua koti la mvua na suruali yake, kioo kisubiri fedha za msimu wa korosho.