Safari ya Meli Huamuliwa Nchi Kavu

Mtu akikuambia amekata tiketi ya meli kubwa ya abiria, muulize kwanza meli yenyewe ni ya namna gani. Nyingi tunazoziona leo ni meli za utalii: zinazunguka bandari kadhaa na kuwarudisha abiria walikotoka, au karibu na hapo. Zamani zilitawala meli za namna nyingine, zilizoundwa kuvuka bahari kuu kwa ratiba, majira yote ya mwaka. Wazee wetu walizijua. Meli zilizoitwa Karanja na Kampala zilikuwa zikitoka Bombay kuja Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, kisha zinaendelea kusini hadi Durban. Vijana wengi waliokwenda kusoma Uingereza miaka ya 1950 walikwenda kwa meli, si kwa ndege.

Ndege ziliziondoa baharini. Imebaki Queen Mary 2, iliyoundwa Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza safari Januari 2004, na mpaka sasa inavuka Atlantiki mara nyingi kila mwaka kati ya Southampton na New York. Ina urefu wa mita 345. Omo yake ni ndefu na imechongoka ili ipasue mawimbi, chuma cha mwili wake ni kinene kuliko cha meli ya kawaida ya utalii, na karibu mita 10 za mwili huo ziko chini ya maji. Inaweza kufikia kilomita 55 kwa saa, wakati meli nyingi za utalii huishia karibu na 40. Mwendo huo wa ziada ni akiba: dhoruba ikiichelewesha, inao uwezo wa kufidia muda.

Meli ya utalii hufuata busara nyingine. Bahari ikichafuka, nahodha hubadili njia au huiruka bandari, na masharti ya tiketi yanampa haki hiyo. Kwa kawaida utakachorudishiwa ni ushuru wa bandari iliyorukwa, basi. Kwa hiyo kama moyo wako wote uko kwenye kisiwa kimoja, nenda kisiwani kwa ndege au kwa kivuko. Meli ya utalii aipande anayependa meli yenyewe, na bandari azichukue kama nyongeza.

Nimeanza na hilo kwa sababu wasomaji wanaoniandikia huanza na bwawa la kuogelea na chakula, ilhali safari nyingi zinazoharibika huharibikia nchi kavu, kwenye karatasi na kwenye uchaguzi uliofanywa miezi kadhaa kabla.

Karatasi ya kwanza ni viza, na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda hii ndiyo tiketi halisi. Chukua mfano wa safari ya wiki moja inayoanzia Italia, ikapitia Dubrovnik, Kotor na Corfu, kisha ikarudi Italia. Kroatia, iliko Dubrovnik, iliingia katika eneo la Schengen, lile la nchi za Ulaya zenye viza moja, tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo hapo bado uko ndani. Kotor iko Montenegro, nje ya eneo hilo. Meli ikitia nanga Kotor umeshatoka Schengen, na Corfu, iliyo Ugiriki, unaingia upya. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu amekwama, na hatakwamia Kotor: atazuiwa siku ya kwanza kwenye dawati la bandari, kwa sababu kampuni za meli hukagua hati kama zinavyofanya za ndege. Omba viza ya kuingia mara nyingi, na uambatishe ratiba ya meli bandari kwa bandari ili afisa wa ubalozi aone kwa nini unaihitaji. Angalia pia kila bandari inataka nini kwa pasipoti yako wewe, hata kama huna nia ya kushuka.

Ndugu zetu walioko Uingereza hujikwaa kwa namna yao. Kibali cha kuishi Uingereza hakikupi ruhusa ya kuingia Marekani. Kama pasipoti yako bado ni ya Afrika Mashariki, huwezi kupanda meli ya New York pale Southampton bila viza ya Marekani mkononi. Na wote tukumbuke pasipoti iwe na uhai wa miezi sita baada ya safari, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe tayari. Baada ya chanjo hesabu siku 10 ndipo cheti kianze kufanya kazi. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo usikubali kuchomwa tena eti kwa sababu miaka 10 imepita.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege iliyochelewa saa tatu inakupotezea chakula cha jioni. Meli iliyoondoka inakupotezea safari nzima, na kuifuata bandari ya pili kunataka nauli mpya na pengine viza usiyokuwa nayo.

Sasa chumba. Wakala atakuuzia roshani, na roshani ni nzuri kweli kwenye maji matulivu. Lakini kama hujui tumbo lako litaipokeaje bahari, mahali chumba kilipo pana uzito kuliko dirisha lake. Meli hutembea kwa namna mbili kubwa: inalala ubavu huu na ubavu ule, na inapanda na kushuka omo na tezi. Kulala ubavu kunapunguzwa na mapezi ya chuma yanayochomoza pande mbili chini ya maji. Kupanda na kushuka hakuna pezi la kukuzuia. Fikiria ubao wa bembea wa watoto: wa mwisho ndio wanaorushwa, wa katikati hasogei. Chumba cha katikati ya meli, sitaha ya chini, ndicho chenye utulivu, na mara nyingi ndicho cha bei nafuu. Vya juu kabisa mbele, vinavyouzwa kwa mandhari, ndivyo vinavyorushwa zaidi. Kabla ya kulipa, tazama pia ramani ya sitaha: chumba kilicho chini ya jiko au ukumbi wa muziki hakilaliki, na baadhi ya madirisha yamezibwa na mashua za kuokolea.

Kichefuchefu cha bahari hutokana na ubishi kati ya jicho na sikio. Sikio la ndani linahisi mwendo, jicho likiwa limekodolea simu au kitabu linasema hakuna kinachosogea. Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kutoka nje, kukaa katikati ya meli na kuangalia upeo wa macho, pale jicho na sikio vinapoafikiana. Vidonge vya cinnarizine vinapatikana katika maduka mengi ya dawa kwetu, lakini vimezwe kabla ya meli kuanza kuyumba. Ukishaanza kutapika, kidonge hakikai tumboni. Vinaleta usingizi, na dawa nyingine za jamii hiyo haziwafai wenye presha ya macho au matatizo ya tezi dume, kwa hiyo zungumza na mfamasia. Tangawizi inawasaidia wengi, na biskuti kavu ni bora kuliko tumbo tupu.

Majira nayo tuyaheshimu kama mabaharia wetu walivyoyaheshimu. Meli za utalii huja pwani yetu zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kusi ikishika, kuanzia katikati ya mwaka, bahari inakuwa nzito. Atlantiki ya kaskazini ni kinyume cha hapo: kiangazi chao kina afadhali, ukungu tu ndio mwingi, na miezi ya baridi ndiyo yenye mawimbi makubwa.

Kuhusu fedha, bei iliyotangazwa si gharama ya safari. Ndani ya meli hakuna kulipa taslimu. Kadi ya chumba hurekodi kila kitu na hesabu huletwa mwishoni. Bahashishi ya wahudumu hujumlishwa yenyewe kila siku, kwa kila mtu, na kwenye kampuni kubwa nyingi huwa kati ya dola 15 na 20 hivi. Familia ya watu wanne izidishe mwenyewe. Ukisajili kadi ya benki ya kawaida badala ya kadi ya mkopo, meli inaweza kuzuia fedha zako kama dhamana, ukakuta huwezi kutoa hata za teksi. Uliza kama unaweza kuweka amana ya taslimu mapokezi. Na simu: weka hali ya ndegeni tangu gatini. Mnara utakaoukamata katikati ya bahari ni wa meli yenyewe, unaounganishwa kwa setilaiti, na dakika chache zake zinaweza kula bajeti ya wiki.

Daktari yupo, lakini si wa bure, na kadi ya bima ya afya ya nyumbani haitambuliki huko. Kata bima ya safari inayotaja waziwazi kumwondoa mgonjwa baharini kwa helikopta. Mjamzito aulize mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazimpokei atakayefikia wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Kwenye kuvuka bahari, mtoto chini ya mwaka mmoja kwa kawaida hapokelewi.

Nawaandikia kwa kirefu kidogo Waislamu, kwa sababu vitabu vya safari za meli haviwakumbuki. Chakula cha halali kiombwe kwa maandishi wakati wa kukata tiketi, si mezani, kisha ukifika mtafute msimamizi wa mgahawa siku hiyohiyo umkumbushe. Kibla nacho kinasogea. Southampton, Makka iko mashariki ikielekea kusini. New York, iko kaskazini-mashariki, kwa kuwa njia fupi juu ya uso wa dunia hupanda kaskazini kwanza ndipo ishuke. Katikati ya hapo mwelekeo unageuka kidogokidogo kila siku, na meli yenyewe inageuka chini yako. Kwenye runinga ya chumbani kuna chaneli inayoonyesha meli ilipo na inakoelekea. Itumie pamoja na programu ya simu inayosoma setilaiti bila intaneti, lakini panda sitahani, maana chumba cha ndani kimezungukwa na chuma na simu haitaona anga. Ratiba ya sala iliyochapishwa London iache nyumbani: kuelekea New York saa za meli hurudishwa nyuma saa moja kwa usiku tano kati ya saba. Kuhusu kupunguza na kukusanya sala, muulize shehe wako kabla hujaondoka.

Kwa usiku wa mavazi rasmi, kanzu safi na koti, au vazi rasmi la kwenu, hupokelewa na kampuni nyingi kama suti. Pasi usiibebe, itachukuliwa mlangoni pamoja na birika la umeme. Queen Mary 2 ina vyumba vya kufulia vyenye mashine na pasi bila malipo.

Bandarini, soma ramani kabla ya jina. Ratiba ikiandika Roma, meli inafunga Civitavecchia, na kutoka hapo ni karibu saa nzima kwa treni. Florence ni Livorno. Paris ni Le Havre, kilomita karibu 200 kutoka Paris yenyewe. Ukienda kwa ziara iliyopangwa na meli na basi likachelewa, meli hukusubiri au kampuni hugharimia kukufikisha. Ukienda peke yako, ngazi hupandishwa kwa saa iliyotangazwa. Mimi husema: bandari iliyo mjini nenda mwenyewe, bandari iliyo mbali lipia ziara yao. Saa yako ya mkononi iache kwenye muda wa meli, na beba nakala ya pasipoti na namba ya wakala wa meli wa bandari hiyo.

Mizigo mikubwa hupokelewa na wapagazi na kufika chumbani saa kadhaa baadaye, kwa hiyo dawa, hati na nguo za kubadilisha vikae begani. Ndani ya meli, nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, kila mara. Virusi vya norovirus, vinavyoleta kuhara na kutapika, haviuawi vyema na vitakasa mikono vya spiriti.

Na kuna zoezi la dharura, ambalo abiria wengi huliona kero. Usiku wa tarehe 13 Januari 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, saa chache tu baada ya kutoka Civitavecchia. Mamia ya abiria waliopanda siku ile walikuwa hawajafanya zoezi, kwa sababu sheria ya wakati ule iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Watu 32 walikufa. Sheria ya kimataifa ilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Siku hizi meli nyingi zinakutaka utazame video, kisha ufike kwenye kituo chako cha kukusanyikia ukaandikwe jina. Usiishie kwenye video. Tembea kutoka chumbani hadi kituoni kwa ngazi, si kwa lifti, na watoto wako watembee nawe. Hesabuni milango, maana moshi ukijaa hutaona vibao. Jueni jaketi za kujiokolea ziko wapi, na kama mna mtoto mdogo daini jaketi la kimo chake siku hiyo ya kwanza. Ishara ni milio saba mifupi ya honi ikifuatwa na mmoja mrefu. Ukiisikia, acha begi, acha simu inayochajiwa, mshike mtoto mkono, nenda kituoni.