Msalaba upi ndani ya darubini ya mwindaji?

Wasomaji waliokulia Ankole, na wafanyabiashara wanaovuka Mirama Hills kwenda Mbarara, wanaijua nchi inayozunguka Ziwa Mburo. Hapa kichaka cha migunga, pale uwanda wa nyasi. Kwenye ranchi za huko, nje ya hifadhi, Uganda iliruhusu tena uwindaji wa kulipia mwaka 2001, baada ya kuupiga marufuku mwaka 1979.

Ni nchi ngumu kwa mlenga shabaha. Swala pala mmoja hutokea mita 60, mwingine mita 250, na risasi haiendi mstari ulionyooka. Bunduki ya .30-06 yenye risasi ya gramu 12 hivi, ikirekebishwa ipige sawasawa kwenye mita 200, hupiga kama sentimita 5 juu kwenye mita 100. Kwenye mita 300 hushuka kama sentimita 25. Kiasi hicho chatosha kumvunja swala mguu badala ya kumwua.

Ndiyo maana msalaba unaoonekana ndani ya darubini ya bunduki una maana kubwa. Aina ya kwanza ina mistari minene pembeni, myembamba katikati. Haina vipimo, lakini jioni mistari minene bado huonekana. Ya pili ina nukta: kutoka moja hadi nyingine ni sentimita 10 kwa mita 100, na sentimita 30 kwa mita 300. Ya tatu ina vistari chini ya katikati, kila kimoja kwa umbali wake. Vistari hivyo hupimwa kwa risasi fulani. Ukibadili risasi, vinakudanganya.

Mtego mwingine uko kwenye kuvuta picha. Katika darubini nyingi za wawindaji msalaba haukui pamoja na picha, hivyo vipimo ni sahihi kwa ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Ukiupunguza nusu, sentimita 30 zinakuwa 60. Wengi husahau hilo mnyama anapotokea ghafla.

Kwa nchi kama ya Mburo, msalaba wa kwanza unatosha. Rekebisha bunduki kwa mita 200, lenga katikati ya kifua, na aliye mbali zaidi msogelee. Anayetaka vipimo achague vyenye alama chache, kisha avijaribu kwa bunduki na risasi zake mwenyewe.

Mfanyabiashara anayeagizwa darubini na mwindaji mwenye leseni amwulize kwanza: bunduki gani, risasi gani, umbali gani? Na kabla ya kufika mpakani, aulize sheria inasemaje.

Kwa desturi ya uwindaji wa kulipia, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa. Mgeni atalipa na kuondoka. Swala atabaki kichakani na jeraha lake, na nyama yake haitamfaa mtu.